Silaha mpya haifupishi vita, humficha anayeuawa

  

Ndugu zangu katika imani, hivi karibuni, baada ya darsa ya Alasiri hapa Tanga, kijana mmoja wa kidato cha nne alikaa pembeni yangu akanionesha video katika simu yake. Ilikuwa ya vita vya Ukraine. Ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa ikimwandama askari aliyebaki peke yake katika uwanja wenye theluji. Askari alikimbia, akachoka, akasimama akaitazama, na hapo video ikakatika. Vijana wawili waliokuwa wakichungulia nyuma yake wakacheka. Yeye hakucheka, ila aliniuliza kwa adabu: "Maalim, kwa silaha kama hizi si vita vitakuwa vinakwisha upesi, na watakaokufa watakuwa wachache?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda," kwa sababu swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Leo namjibu, na nimependa wazazi wote wasikie, kwa kuwa video hizo zimo katika simu za watoto wa nyumba nyingi, na swali hilo limo vifuani mwao hata kama hawalisemi.

Kwanza ifahamike kwamba tumaini hilo si jipya. Mwaka 1862 Mmarekani Richard Gatling, mtu aliyesomea udaktari, alisajili bunduki yenye mitutu mingi inayozunguka. Baadaye aliandika kwamba nia yake ilikuwa kumwezesha askari mmoja kufanya kazi ya wengi, ili majeshi yapungue na watu wachache zaidi wafe kwa risasi na maradhi ya kambini. Mwaka 1884 akaja Hiram Maxim na bunduki ya rashasha iliyojipakia yenyewe, yenye uwezo wa kufyatua risasi zipatazo 500 kwa dakika moja. Na kwa muda fulani ilionekana kana kwamba Gatling alisema kweli.

Tarehe 2 Septemba 1898, huko Karari karibu na Omdurman nchini Sudan, jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener lilikutana na jeshi la Khalifa Abdullahi. Kabla ya mchana kumalizika, Wasudani wapatao 10,000 au zaidi walikuwa wamelala chini. Upande wa pili walikufa 48 hivi. Miaka saba baadaye, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, na bunduki mbili za rashasha zikawafyeka kabla hawajaufikia ukuta. Makamanda wa Ulaya waliyatazama hayo wakajifunza somo moja: silaha ya kisasa humaliza vita upesi. Hawakujiuliza swali lililo wazi. Je, ilimaliza vita kwa sababu ilikuwa ya kisasa, au kwa sababu mwingine hakuwa nayo?

Jibu lilikuja mwaka 1914. Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na wengineo waliingia vitani mwezi Agosti, na askari wengi waliamini watakuwa wamerudi majumbani kabla ya Krismasi. Safari hii pande zote mbili zilikuwa na rashasha. Askari aliyesimama wima alikufa, basi kila upande ukachimba mahandaki, ukatandika seng'enge mbele yake, ukakaa. Kabla ya mwaka huo kwisha, mahandaki yalikuwa yamefika kutoka bahari ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Silaha iliyodhaniwa kuwa itaharakisha vita ndiyo iliyovigandisha.

Wakasema dawa ni mizinga mikubwa. Mwaka 1916, kwenye bonde la mto Somme huko Ufaransa, Waingereza walipiga makombora zaidi ya milioni moja na nusu kwa muda wa siku saba, wakaamini hakuna aliyebaki hai upande wa pili. Lakini Wajerumani walikuwa wamejificha katika mapango ya kina kirefu waliyoyachimba ardhini, na sehemu nyingi za seng'enge hazikukatika. Asubuhi ya tarehe 1 Julai askari wa Uingereza walitoka mahandakini, wengi wao wakitembea kwa safu. Kwa siku hiyo moja walikufa 19,240, na ukijumlisha majeruhi na waliopotea idadi ilipita 57,000. Mapigano hayo yaliendelea hadi Novemba. Waliouawa na kujeruhiwa wa pande zote walizidi milioni moja, na ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ya kilomita kumi hivi kwenda mbele.

Wengine walikwisha kusema dawa ni gesi. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini, upepo ukalisukuma wingu la kijani na manjano hadi kwenye mahandaki ya jeshi la Ufaransa. Waislamu tunapaswa kukumbuka nani alikuwa humo. Pamoja na Wafaransa walikuwamo askari kutoka Algeria, watu waliofunga Ramadhani na kusoma Fatiha kama sisi. Na hali dola ya Kiosmani, mshirika wa Ujerumani, ilikuwa imekwisha kutangaza jihadi mwezi Novemba 1914! Gesi haikuuliza mtu dini yake, na wala aliyeifungulia mitungi hakuuliza.

Je, gesi ilimaliza vita? Ilipita miezi mitano na siku chache tu. Tarehe 25 Septemba 1915, huko Loos, Waingereza nao walifungua mitungi yao, na mahali fulani upepo ukageuka ukawarudishia wenyewe. Barakoa zikabuniwa, kisha gesi kali zaidi ya kuunguza ngozi ikaletwa mwaka 1917. Hadi mwisho wa vita inakadiriwa kwamba gesi iliwaua watu wapatao 90,000 na kuwadhuru wengine zaidi ya milioni moja, na mpaka wa vita haukusogezwa nayo kwa kiasi cha kuamua lolote.

Hii ndiyo kanuni ambayo vita hivyo vimetufundisha kwa damu. Silaha mpya hufupisha vita pale tu adui anapoikosa, na adui haikosi kwa muda mrefu. Akishaipata, kinachobaki ni vita vile vile na maiti wengi zaidi.

Najua atasimama msomaji aseme: "Sheikh, mbona vifaru vilivunja mahandaki mwaka 1918? Na mbona bomu la Hiroshima liliikomesha Japani?" Ni hoja za haki, na hazistahili kupuuzwa. Vifaru zaidi ya 500 vilishiriki karibu na Amiens tarehe 8 Agosti 1918 na kuleta ushindi mkubwa. Lakini baada ya siku chache vilivyobaki vikifanya kazi vilikuwa vichache mno, vingine vimepigwa na vingi vimeharibika vyenyewe. Ujerumani ilishindwa kwa sababu watu wake walikuwa na njaa baada ya miaka ya kuzuiwa bahari, jeshi lake lilikuwa limechoka, na askari wapya wa Marekani walikuwa wakishuka kwa maelfu. Ama Hiroshima, bomu lile lilianguka tarehe 6 Agosti 1945, vita vikiwa vimekula takriban miaka sita, na thamani yake ilikuwa mji mzima pamoja na watoto wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1949, Urusi ya Kisovieti nayo ililipua bomu la aina hiyo. Adui hakuikosa kwa muda mrefu.

Sasa niingie katika jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Silaha hizo zilimtenga muuaji na anayeuawa.

Mwezi Machi 1918 Wajerumani walianza kuupiga mji wa Paris kwa mzinga wa ajabu uliokuwa umbali wa kilomita 120 hivi. Fikirini, ndugu zangu: ni kama mtu asimame Tanga apige Mombasa. Wapigaji walijua upande na umbali, basi. Tarehe 29 Machi 1918, siku ya Ijumaa Kuu ya Wakristo, kombora moja liliangukia kanisa la Saint-Gervais watu wakiwa katika ibada, paa likawashukia, wakafa zaidi ya 80. Aliyewasha mzinga ule hakuona mwanamke wala mtoto. Huenda jioni yake alikula chakula chake akalala usingizi mwema.

Hapa ndipo sheria yetu inapoguswa. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Baqara, aya ya 190, kupigana na wale wanaotupiga bila ya kuvuka mipaka. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alimkuta mwanamke ameuawa katika moja ya vita vyake, akalichukia jambo hilo na akakataza kuuawa kwa wanawake na watoto. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi kwenda Sham alimwagiza kamanda wake asiue mtoto, mwanamke wala mzee, asikate mti wenye matunda, wala asibomoe palipokaliwa na watu. Tazama maagizo hayo yote. Hayatekelezeki ila na mkono wenye jicho. Ili umwache mzee, lazima umwone kuwa ni mzee.

Maulamaa wetu waliligundua tatizo hili mapema, zama za manjaniki, ile mitambo ya kurushia mawe juu ya kuta za ngome. Jiwe likivuka ukuta halichagui. Wapo waliolijuzisha kwa dharura na kwa masharti, bila ya kuwakusudia wasiopigana, na wapo waliokaza, miongoni mwao Imam Al-Auzai. Wote hao walibishana kuhusu jiwe moja lirukalo hatua mamia kadhaa. Tujiulize wangesemaje juu ya wingu la sumu linalokwenda kwa rehema ya upepo, au kombora linalosafiri kutoka mji hadi mji.

Wapo pia waliouawa na silaha za kisasa bila ya kupigwa nazo, na hao ni wa nyumbani kwetu. Vita hivyo vilifika hapa Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika ambalo halikuzidi 1,000 hivi. Rashasha ilifanya hapa kazi ile ile iliyoifanya Ulaya. Kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Königsberg nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, huku ndege zikiruka juu kuwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza. Kisha mizinga yake kumi ikaopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikavutwa nchi kavu kwenda kupigana. Mmoja wapo umewekwa leo Ngome ya Yesu, Mombasa, na watoto huupanda kupiga picha.

Nani aliyeivuta? Ulaya silaha ya kisasa ilibebwa na reli na farasi. Huku farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, hivyo ikabebwa na vichwa vya watu. Kila sanduku la risasi ambalo rashasha ililimaliza kwa dakika chache lilikuwa limetembea majuma kadhaa juu ya kichwa cha mpagazi. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Hesabu zao wenyewe zilitaja vifo vinavyokaribia 100,000, na wengi hawakuandikwa. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Wajerumani nao waliwachukua watu na vyakula vya vijiji, na huko Ugogo ikafuata njaa kubwa ambayo wenyewe waliiita Mtunya.

Jina la Kariakoo mnalolitaja kila siku mkienda sokoni Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mtaani kwetu alikuwapo bibi kizee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekuwa akisema baba yake alichukuliwa siku ya pili baada ya harusi, akaondoka na kanzu aliyooa nayo, na hakuna aliyewaambia alifia wapi. Mkunga aliyemzalisha mama yake ndiye aliyempa jina. Aliyebuni rashasha hakumjua mtu huyo. Jemadari aliyeagiza risasi hakumjua pia. Kadiri silaha inavyokua, ndivyo safu ya watu walio nyuma yake inavyorefuka, na ndivyo wanavyozidi kutoonekana.

Nirudi sasa kwa kijana wangu. Huenda akanijibu: "Lakini Maalim, ndege hii ina jicho. Inamwona mtu hata uso wake." Ni kweli, na ndiyo maana video ile ilinishtua. Silaha za mwaka 1914 zilimficha anayeuawa kwa umbali na moshi. Hii ya leo inamwonesha kisha inamficha upya, kwa sababu inamgeuza kuwa mchezo ndani ya kioo. Jicho lipo, moyo umeondoka.

Na je, imefupisha vita? Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilidhaniwa na wengi kuwa vya siku chache. Vilipita mwaka wa tatu bila ya kwisha, na askari wakarudi kuchimba mahandaki kama babu zao. Upande mmoja ulipovuruga mawimbi yanayoongoza droni, mwingine uliifunga droni kwa uzi mwembamba wa kioo usiovurugika. Ni hadithi ya gesi na barakoa inayosimuliwa tena.

Wala tusiwanyooshee wengine vidole tukajisahau. Mwezi Machi 1988 gesi ya sumu iliua Waislamu wapatao 5,000 wa Kikurdi mjini Halabja, na aliyeimwaga ni serikali ya Iraq, nchi ya Waislamu. Nchini Sudan, ile ile ya Karari, ndugu kwa ndugu wamekuwa wakiuana tangu Aprili 2023, na droni zimo mikononi mwa pande zote mbili. Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025, wakati wa Sala ya Alfajiri, droni iliupiga msikiti mjini El Fasher, wakafa waumini zaidi ya 70. Ijumaa Kuu ya Paris na Ijumaa ya El Fasher zimepishana kwa miaka 107, na aliyekufa ni yule yule: mtu aliyeinamisha kichwa mbele ya Mola wake.

Sisemi kwamba umma ukae bila ya nguvu. Suratul Anfal, aya ya 60, imetuamrisha kujiandaa ili adui aogope kutushambulia. Wala sisemi elimu iachwe. Suratul Hadid imetaja kwamba katika chuma mna nguvu kali na mna manufaa kwa watu, vyote viwili pamoja. Mfano wake ni Fritz Haber, mwanakemia wa Kijerumani. Yeye ndiye aliyegundua namna ya kutengeneza amonia kutokana na hewa, na leo sehemu kubwa ya wanadamu hula mazao yaliyokuzwa kwa mbolea itokanayo na ugunduzi wake. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa kazi hiyo. Amonia hiyo hiyo iliipatia Ujerumani baruti ilipozuiwa kupata nitrati ya Chile, na mtu huyo huyo ndiye aliyesimamia mitungi ya Ypres. Kichwa kimoja, elimu moja, mikono miwili.

Kijana aliyenionesha video ni hodari wa kemia, na anataka kuisoma chuo kikuu. Nitamwambia aende, na baba yake amuunge mkono. Lakini nawaomba nyinyi wazazi jambo moja dogo. Mtoto akikuonesha video ya mtu anauawa, usimpokonye simu tu ukanyamaza. Muulize: "Huyu alikuwa mtoto wa nani?" Mwache atafute jibu mwenyewe. Anayejizoesha kuuliza hivyo akiwa na miaka kumi na saba, tunatarajia ataliuliza pia siku atakapokuwa na maabara, au kiwanda, au kalamu ya kutia saini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azime moto wa vita popote unapowaka, awarehemu waliokufa wasiojulikana makaburi yao, wakiwamo wapagazi wa nchi yetu, na aijaalie elimu ya watoto wetu iwe ya manufaa, isiwe hoja dhidi yao Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.